Mchagua Jembe si Mkulima, Lakini Saa Je?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, nadhani wahenga hao hawakuwahi kufungua saa ya mkononi kwa kisu cha kukatia mkate. Mimi nimeifungua, tena si moja, na maoni yangu ni kwamba mwanafunzi aachiwe afungue saa. Nasema hivyo ingawa niliharibu ya babu.

Wacha nianze na kesi hiyo, maana najua kuna wenzangu wa kidato cha tatu wanaongoja niifiche. Marehemu babu alimwachia baba saa ya kutia ufunguo, ile isiyotumia betri. Aliivaa tangu alipokuwa karani wa reli. Ilikuwa imeanza kusimama-simama. Likizo ya Desemba, baba alipoenda kazini, niliibandua mgongo kwa kisu, nikaviona vile vigurudumu, nikaamua kwamba vimekauka. Nilichovya sindano katika mafuta ya kupikia nikatia tone. Ikaenda! Nilijiona fundi kwelikweli. Siku ya tatu ikakwama kabisa.

Fundi wa saa aliye karibu na steji aliitazama kwa lenzi yake ya jichoni, kisha akaniuliza, "Kijana, ulikuwa unakaanga chapati humu?" Akanieleza kuwa saa ina mafuta yake maalum, tena hutiwa kidogo mno na si kila mahali. Haya ya jikoni huganda yakawa kama gundi. Isitoshe, kuna utepe mwembamba kama unywele uliojiviringa, ambao hulirudisha gurudumu dogo huku na huku, mara 5 kwa sekunde katika saa nyingi za zamani. Huo nao niliugusa kwa sindano ukapinda. Baba hakunichapa. Aliikunja saa katika kitambaa, akaiweka kabatini, hakusema neno. Heri angenichapa.

Sasa mtauliza, huyu ana uso gani wa kutushauri? Ninao. Sisi wanafunzi wa kutwa hatuna kengele ya kutuamsha, simu haziruhusiwi shuleni, na ukifika langoni umechelewa hakuna anayetaka kusikia habari ya matatu. Saa ikifa, wengi huitupa kwenye droo kwa sababu hawana pesa za fundi. Ilhali mara nyingi imekwisha betri tu!

Betri hiyo hubadilishwa nyumbani. Mgongo ulio na kijipengo pembeni hubanduliwa kwa kisu butu, polepole, kidole gumba kikizuia kisiteleze. Ule wa kuzungusha, ukandamize kwa kampira ka kuchezea kisha uzungushe. Mara nyingine hukubali. Tandika kitambaa cheupe kwenye sinia, kwa maana skrubu ikianguka sakafuni hutaiona tena maishani. Soma nambari iliyo kwenye betri kuukuu, ununue kama hiyo. Ukiwa ndani, usiguse ile koili ya waya mwembamba. Bisibisi ikiikwaruza ikakatika, saa imekwenda. Na betri ya zamani usiiache mezani kama una ndugu wadogo, kwa kuwa mtoto akiimeza yaweza kumuunguza koo kwa saa mbili tu. Hilo si mzaha.

Saa ya ukutani ni rahisi hata zaidi. Yetu ilikufa kwa sababu betri ilivuja ikaacha uchafu wa kijani. Nilisugua vyuma kwa mswaki mkuukuu na siki kidogo, nikakausha. Mpaka leo mama huitazama akipika.

Tena kuna faida ya darasani. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya saa ya betri mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Niliikariri hiyo nambari kama kasuku. Nilipofungua saa mbovu nikakiona kile kimkebe chake, ndipo nikakaa nikaigawa kwa 2, nikaigawa tena, mara 15. Ikabaki 1. Kumbe ndivyo saketi inavyoipata sekunde moja! Saa ya mkononi ya namna hiyo ilianza kuuzwa na Seiko kule Japani mnamo Desemba 1969, nami nilikuwa nimevaa muujiza huo nikidhani ni mapambo.

Kwa hivyo wazazi wasikemee kila bisibisi. Ila nasi tukubali kwamba saa ya kutia ufunguo si ya kujifunzia, hasa ikiwa ni ya mtu aliyekufa. Ile ya babu ningali naweka akiba nimrudishie yule fundi. Alisema labda, hakusema ndiyo.

Mwenye saa ya betri iliyokufa anipate chini ya mwarubaini wakati wa chakula cha mchana. Betri uje nayo mwenyewe. Na kama ni ya baba yako, kwanza umwambie.