LIKIZO NA JAMAA: TWENDENI KIGWENA

Askari apatapo likizo, mara nyingi huimaliza kwenye kiti cha barazani, watoto wakimzunguka wasijue waende wapi. Wiki hii twashauri: mama afungashe chakula, mshike barabara ya ziwani kwenda kusini ya Bujumbura.

Mwendo mfupi tu, pale Mugere, lipo jiwe kubwa lenye maandishi. Hapo Livingstone na Stanley walilala siku mbili, tangu tarehe 25 Novemba 1871. Wako wadaio kuwa ndipo walipokutana kwanza. Sivyo, walikwisha kuonana Ujiji. Walikuja kwa mtumbwi kuuchunguza mto Ruzizi: hutoka ziwani au huingia? Wakaona huingia. Huko juu, karibu na Ziwa Kivu, maji yake huporomoka kwa kishindo katika magenge, lakini yafikapo Tanganyika yametulia kama mzee aliyeshiba. Msikawie jiweni, watoto huchoka na historia upesi.

Piteni Rumonge, mji wa mawese na ndagala, mwende mbele hadi Kigwena. Ni msitu wa tambarare ya ziwani, mabaki ya misitu ya namna ya Kongo. Ukiingia, jua la barabarani hukatika ghafla. Nyani wapo, kwa hiyo fungeni vikapu barabara. Sokwe wako kwenye vilima vya hifadhi za Rumonge na Vyanda. Kuwaona kwataka kiongozi, miguu na bahati.

Kinachotutia huzuni ni udogo wake. Kigwena haifiki hekta 1,000, nayo michikichi imeukaribia. Mawese hayo ndiyo tuyatiayo kwenye maharage, basi hatuna haki ya kumlaumu mkulima. Lakini kuchemsha chikichi kwataka kuni nyingi, na mlima uliokatwa miti huteremsha udongo wake hadi ziwani, ukafunika mazalio ya samaki. Nasi wa makambini tusijitoe: kambi ipikayo kwa kuni yala msitu vilevile. Majiko yapunguzayo kuni yapo, yaulizieni.

Nendeni kiangazi, Juni hadi Agosti. Wakati wa mvua udongo huangukia barabara, na mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumba za ufukweni. Vaeni viatu vya kufunga, hata wewe sajini: siafu hawajali cheo.