Mazungumzo na Bwana Shamba: Twiga Stars Nao Ni Timu Yetu

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupogoa mikorosho. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mpira wa miguu. Msishangae. Bwana Shamba naye ana macho na masikio. Tena jambo hili linahusu watoto wetu.

Sisi watu wa Lupaso tunaupenda mpira. Uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, wenye viti 60,000, una jina la mtu wa hapa. Ulifunguliwa mwaka 2007. Julai 2020, Rais wa awamu ya tatu, Mzee Benjamin Mkapa, alipofariki, uwanja huo ukapewa jina lake. Yeye alizaliwa Lupaso mwaka 1938, na kaburi lake lipo hapa hapa. Mtangazaji wa redio akisema "Uwanja wa Mkapa", hata mtoto mdogo wa hapa hutega sikio.

Simba na Yanga wakicheza, vibanda vya video hujaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Majina ya wachezaji tunayajua yote, hata ya wale wa akiba. Lakini ukiuliza juu ya Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wengi hunyamaza. Wengine hucheka. Leo nasema na hao wanaonyamaza na hao wanaocheka.

WAMETOKA WAPI?

Mwaka 2010 Twiga Stars walifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Fainali hizo zilichezwa Afrika Kusini. Walicheza michezo mitatu, wakafungwa yote mitatu. Baada ya hapo walikaa miaka mingi bila kufika tena. Lakini hawakulala. Mwaka 2016 na mwaka 2018 walikuwa mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 2021 walialikwa kwenye mashindano ya nchi za Kusini mwa Afrika. Mgeni alialikwa, na mgeni akaondoka na kombe. Waliifunga Malawi bao 1 kwa 0 katika mchezo wa mwisho.

Wadogo zao nao hawakubaki nyuma. Oktoba 2022 Serengeti Girls, wasichana wenye umri chini ya miaka 17, walikwenda India kucheza Kombe la Dunia la umri wao. Hiyo ndiyo timu ya kwanza ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Mchezo wa kwanza walifungwa na Japani mabao 4 kwa 0. Wangeweza kukata tamaa. Mchezo wa pili wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1. Wa tatu wakatoka sare na Kanada, bao 1 kwa 1. Wakaingia robo fainali, na hapo wakatolewa na Kolombia. Huku kwetu ulikuwa msimu wa kuokota korosho. Wengi tulikuwa mashambani, na habari ile ikatupita.

Kisha mwaka 2023 Twiga Stars walikutana na Togo kutafuta nafasi ya fainali za Afrika. Katika mashindano ya namna hii, timu mbili hucheza mara mbili, nyumbani na ugenini. Mabao hujumlishwa. Nyumbani Tanzania ilishinda 3 kwa 0. Kule Togo ilifungwa 2 kwa 0. Haya, tufanye hesabu. Tanzania 3, Togo 2. Tulifungwa siku ile ya pili, na bado tukapita. Aliyesikia matokeo ya siku ya pili tu alidhani tumetolewa. Ndiyo maana shabiki hufuata habari toka mwanzo mpaka mwisho.

Fainali zenyewe zilichezwa Morocco, Julai 2025. Huku ulikuwa wakati wa kupulizia salfa. Siku ya Sabasaba tulifungwa na Mali bao 1 kwa 0. Tarehe 11 tulicheza na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Opa Clement akafunga, tukaongoza. Kipindi cha pili Afrika Kusini wakasawazisha. Mchezo ukaisha 1 kwa 1. Pointi ile moja ni ndogo ukiiandika kwenye karatasi. Lakini ilikuwa pointi ya kwanza ya Twiga Stars katika fainali za Afrika. Kutoka 2010 mpaka 2025 ni miaka 15. Mchezo wa mwisho Ghana walitufunga 4 kwa 1, tukarudi nyumbani. Lakini mwaka huohuo 2025 wakaitoa Ethiopia na kupata tena nafasi ya fainali za 2026.

"WANAWAKE HAWANA MASHUTI"

Mzee mmoja aliniambia hivi: "Bwana Shamba, nimewaona. Wanawake hawana mashuti. Mpira wao uko polepole."

Nikamjibu: "Mzee wangu, umeangalia michezo mingapi?"

Akasema: "Kidogo tu, halafu tukabadilisha stesheni."

Nikamwambia: "Mzee wangu, mimi nikija kukagua shamba lako nikasimama barabarani, nikaandika kwamba halifai, utaniitaje?"

Akacheka, nami nikacheka. Lakini swali lake ni la haki, na linahitaji jibu.

Kombe la Dunia la wanaume lilianza mwaka 1930. La wanawake lilianza mwaka 1991. Tofauti ni miaka 61. Hapa Tanzania Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/2017, na Mlandizi Queens wa Mkoa wa Pwani wakawa mabingwa wa kwanza. Sasa chukua mkorosho wa babu yako, uulinganishe na mkorosho uliopanda juzi. Je, utaung'oa huu mdogo kwa sababu haujafika kimo cha ule wa babu? Mkulima mwenye akili huuliza mambo mengine. Ulipandwa lini? Unapaliliwa? Unatunzwa na nani?

Tena wapo waliokatazwa kabisa. Uingereza, tarehe 26 Desemba 1920, watu wapatao 53,000 walijaa uwanjani katika mji wa Liverpool kuangalia wanawake wakicheza. Timu iliyovuta watu ilikuwa ya wanawake wa kiwanda, Dick, Kerr Ladies. Mwaka uliofuata, chama cha mpira cha nchi hiyo kikawafungia wanawake viwanja vya vilabu vyake. Kilidai mchezo huo hauwafai. Katazo hilo lilikaa karibu miaka 50. Lilipoondolewa, wanawake wakaanza upya. Timu yao ikaja kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2022, na tena mwaka 2025. Kumbe miguu ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni uwanja.

Na habari ya nguvu, sisi watu wa Masasi na Newala tusiseme. Akina mama wa uwanda wa Makonde wameshuka mabondeni na kupanda na ndoo za maji kichwani kwa miaka mingi. Unyago ukichezwa, wanacheza usiku kucha, na asubuhi wanachukua majembe. Nani kati yetu anayeweza kusema hawana pumzi?

JINSI YA KUANGALIA

Sheria za mpira ni zilezile. Wachezaji ni 11 kila upande. Dakika ni 90. Goli ni lilelile, upana mita 7 na sentimita 32, kwenda juu mita 2 na sentimita 44. Kwa hiyo anayejua mpira hana kitu kigeni cha kujifunza. Anatakiwa kufungua macho tu. Angalia mambo haya manne:

1. Angalia mchezaji asiye na mpira. Anakimbilia wapi? Anafungua nafasi kwa mwenzake? Hapo ndipo mpira wa akili unapoonekana.

2. Angalia pasi. Hesabu pasi ngapi zimefika kwa mwenzao kabla ya kunyang'anywa.

3. Angalia mabeki. Wanapanda pamoja na kurudi pamoja, au kila mmoja na njia yake?

4. Angalia wanachofanya wakishafungwa. Timu nzuri utaijua hapo.

Hili la nne nitalitolea mfano. Mchezo wa mwisho wa fainali za Morocco, Julai 2025, ulikuwa kati ya Nigeria na wenyeji Morocco. Nigeria walikuwa nyuma kwa mabao 2 kwa 0. Kipindi cha pili wakarudisha yote mawili, wakaongeza la tatu. Wakachukua kombe lao la 10. Aliyebadilisha stesheni wakati wa mapumziko amekosa mchezo wa kusimulia wajukuu.

Halafu jifunze majina. Shabiki asiyejua majina ni kama mgeni harusini. Mjue Opa Clement. Mjue Aisha Masaka, aliyechezea Alliance Girls ya Mwanza na Yanga Princess, akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Mjue Clara Luvanga, aliyekwenda Al-Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Hawa ni mabinti wa Tanzania. Mpira umekuwa kazi yao, kama ualimu au uuguzi.

NANI ANAPATA NAFASI YA KUANGALIA?

Mama mmoja wa hapa aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema: "Bwana Shamba, unatuambia tuwaangalie. Tutawaangalia wapi? Mpira ni usiku. Kibandani wamekaa wanaume, wengine wamekunywa. Mimi na binti yangu tukienda kule, kesho tutasemwa kijiji kizima."

Mama huyu amesema kweli. Mpira wa wanawake unachezwa, na wanawake wenyewe hawauoni. Msichana asiyewahi kumwona mwanamke akifunga bao atajuaje kwamba inawezekana?

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Shuleni wasichana wetu wanacheza mpira. Upo katika UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na katika UMISSETA kwa sekondari. Unamwona mtoto wa darasa la sita anapiga chenga mpaka wavulana wanakaa chini. Mwaka unaofuata humwoni. Ukiuliza, unaambiwa: "Ameshachezwa, sasa ni mtu mzima." Mimi siusemi unyago vibaya. Unyago unamfundisha binti kuwa mtu mzima mwenye heshima. Lakini kijana wa kiume akitoka jandoni anaurudia mpira wake, na hakuna anayemuuliza. Kwa nini dada yake aliyetoka unyagoni aukose? Heshima haipungui kwa kukimbia uwanjani mchana, mbele ya wazazi na walimu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, siku Twiga Stars wanapocheza, wenye vibanda wawawekee watu mchezo huo. Watu wakija mara tatu, kiingilio kitapatikana.

Pili, serikali ya kijiji na shule washirikiane kutafuta mahali pa wazi pa kuangalia kwa pamoja, penye taa. Baba aende na mama na watoto. Watu wakienda kifamilia, maneno hupungua. Mahali pasipo na televisheni, redio moja inatosha watu 20.

Tatu, tugawane zamu za uwanja wa kijiji. Wavulana siku zao, wasichana siku zao. Tuandike zamu hizo na tuzibandike kwenye ofisi ya kijiji, ili asiwepo wa kuwafukuza.

Nne, kazi za nyumbani tuzigawe. Mvulana anaweza kuteka maji. Ndoo haichagui kichwa.

Tano, wasichana wakicheza, twende tukaangalie. Tusiende kucheka. Tukae, tuhesabu pasi, tupige makofi mahali panapostahili, na tukosoe mahali panapostahili. Mchezaji hukua mbele ya watu wanaomwangalia kwa makini. Anayechekwa kila siku huacha.

Sisi wa Lupaso jina letu limo tayari kwenye uwanja mkubwa wa nchi. Bado hatujampeleka binti yetu kucheza ndani yake. Huenda yuko hapa hapa, mwenye miaka 10, anapiga mpira wa makaratasi nyuma ya ghala la korosho. Kabla ya kumwita aje kutwanga, mwangalie kwanza dakika tano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Twiga Stars waliifunga Togo mabao mangapi nyumbani, na walifungwa mangapi ugenini? Jumla ilikuwa ngapi kwa ngapi?

2. Kwa nini pointi moja waliyopata dhidi ya Afrika Kusini ilikuwa jambo kubwa?

3. Katika kijiji chenu, wasichana wana siku gani ya kutumia uwanja? Kama hawana, nani aseme na serikali ya kijiji?

4. Wanawake wa kijiji chenu wanaweza kuangalia mpira wapi bila kusumbuliwa?

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za karanga. Kwaherini.