Mwalimu Akimwachilia, Mtaa Humpokea

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini katika mitaa kama vile Mathare, Korogocho, Mukuru na Dandora, jijini Nairobi, mzazi halei peke yake. Mama huondoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo, baba yuko katika kazi ya mjengo au hayupo kabisa, na kutwa nzima mtoto huwa mikononi mwa walezi wawili: mwalimu na mtaa. Mwalimu akimwachilia, mtaa haukawii kumpokea.

Kila panapozuka wizi wa mabavu, kilio chetu huwa kimoja: polisi waongezwe. Ni sawa waongezwe. Hata hivyo, tujiulize: huyo kijana wa miaka 17 aliyekamatwa na kisu, aliacha shule lini, na ni nani aliyemfuata kumuuliza sababu?

Sababu ya kwanza ni pesa, na wala si nyingi. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja wa ziada walijitokeza kusoma, na madarasa ya mijini yakafurika. Lakini karo ilipotoka mlangoni, michango iliingia dirishani: pesa za mtihani, za mlinzi, za dawati, za masomo ya ziada. Mtoto asiye nayo huambiwa arudi nyumbani akailete. Nyumbani hakuna mtu, kwa hivyo huketi kibarazani na wakubwa wake ambao hawana kazi, na huko hupewa kazi ya kwanza: kusimama kwenye kona na kupiga mbinja polisi wakitokea.

Wazazi wengi hawajui kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto azuiwe kuhudhuria shule ya umma kwa kukosa kulipa ada za namna hiyo. Mzazi anayejua haya anaweza kwenda kwa mwalimu mkuu kwa adabu na kuuliza. Akishindwa, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo iko wazi.

Sababu ya pili ni uhaba wa shule zenyewe. Mitaa ya mabanda ilikua bila kutengewa ardhi ya shule za umma, na ndiyo maana maelfu ya watoto husomea katika majengo ya mabati ya watu binafsi. Mnamo Septemba 2019, darasa la shule moja ya namna hiyo liliporomoka mtaani Ng'ando na watoto 8 wakafa. Maskini alilipia alichopaswa kupewa bure, tena akalipa kwa roho ya mwanawe.

Ya tatu ni njaa. Hapa kuna la kusifu. Mpango wa Dishi na County ulioanzishwa jijini mwaka 2023 humpa mwanafunzi chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mtoto aliye na uhakika wa sahani ya chakula saa saba hana haja ya kwenda kuokota vyuma vikuukuu asubuhi.

Ya nne ni saa za jioni. Kengele ya mwisho hulia saa tisa au saa kumi, naye mama hufika saa mbili usiku. Nani hukaa na mtoto saa hizo zote? Shirika la michezo la vijana la Mathare, MYSA, lilitoa jibu tangu mwaka 1987. Liliwapa watoto mpira, na timu ikapata pointi za ligi kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka pia. Shule za umma zina viwanja na madarasa ambayo hufungwa kwa kufuli jioni. Kwa nini yasifunguliwe, yawekwe taa na mtu mzima mmoja wa kuaminika?

Wapo watakaosema kuwa watoto wa mitaa hii ni watundu na dawa yao ni kufukuzwa. Kweli, mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani ana mzigo mzito. Lakini mwanafunzi mtundu akifukuzwa wiki mbili, wiki hizo huzimalizia wapi? Afadhali adhabu inayombakiza ndani ya ua: afyeke nyasi, apange vitabu, azungumze na mwalimu mshauri.

Wakati wa kutenda ni huu. Mtihani wa KCPE, uliokuwa ukiwaachisha wengi masomo wakiwa na miaka 13 au 14, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa, kwa kuwa Sekondari ya Msingi iko katika shule za msingi, mtoto ana mwaka mmoja zaidi wa kusoma karibu na kwao, katika umri ule ule ambao magenge humwinda.

Nawe mwanafunzi wa chuo unayesoma ukurasa huu ukiwa nyumbani likizoni, una Jumamosi ngapi za bure? Nenda katika shule iliyo jirani, muulize mwalimu mkuu ni darasa gani linahitaji wa kulisaidia katika hesabu. Na wewe mzazi, mtoto wa jirani akionekana kibarazani saa nne asubuhi, usimpite. Muulize kwa nini hayuko shule.