Remoki inayocheza nyuma haina mapepo, ina mzigo uliopangwa vibaya

Leo nataka tuongee juu ya remoki, zile ambazo ndugu zetu wa Kigoma wanaziita tela. Wengi wetu tumesafirisha vitu kwa remoki. Kuna waliokimbilia huku na maisha yao yote juu ya remoki moja: godoro, sufuria, bidoni, gunia la unga, na watoto juu kabisa.

Siku si nyingi zilizopita nilikuwa kando ya barabara, kwenye mteremko wa kutoka Fizi kushuka Baraka. Jipu moja la zamani lilikuwa linavuta remoki ya tairi mbili. Magunia ya muhogo yalikuwa yamepangwa mpaka juu, na juu ya magunia alikaa mama mmoja na watoto watatu. Jipu liliposhika mwendo, remoki ikaanza kucheza kushoto na kulia kama mkia wa samaki. Dereva akaogopa, akakanyaga breki kwa nguvu. Remoki haikusimama. Ililisukuma jipu, ikageuka ubavu na kuanguka mferejini. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa, lakini mtoto mmoja alivunjika mkono. Watu walikusanyika, na mzee mmoja akasema: "Kona hii ina mapepo."

Mzee wangu, kwa heshima zote, nakataa. Nilitazama yale magunia. Mazito yote yalikuwa nyuma, mbele kuliwekwa magodoro na nguo. Remoki ile ilianza kuanguka pale ilipopakiwa, kabla hata injini haijawashwa.

Sababu yake mtoto wa shule anaweza kuielewa. Remoki ya tairi mbili ni kama mzani. Katikati kuna ekseli, mbele kuna mkono unaoshikwa na gari. Uzito ukiwa mwingi nyuma ya ekseli, mkono unataka kunyanyuka, na unanyanyua pia sehemu ya nyuma ya gari. Tairi za gari zinapoteza mshiko. Hapo shimo dogo tu, au upepo, au kukwepa mbuzi, vinatosha remoki ianze kucheza. Na mwendo ukiongezeka, mchezo unaongezeka.

Dawa yake haina gharama. Kama una magunia kumi yenye uzito sawa, weka sita mbele ya ekseli na manne nyuma. Mkono wa remoki unapaswa kulilalia gari kwa sehemu moja ya uzito wote katika kumi, au kuzidi kidogo. Remoki ikiwa na kilo 600 pamoja na mzigo, mkono ulale kwa kilo 60 hadi 90, yaani mfuko mmoja wa sementi na nyongeza. Huna mzani? Kabla ya kuunganisha, jaribu kuunyanyua mkono. Ukinyanyuka kwa mtu mmoja bila shida, au ukipanda wenyewe, pakua upange upya. Lakini pia usizidishe mbele, maana gari litakalia mkia na usukani utakuwa mwepesi.

Vizito vikae chini, vyepesi juu. Muhogo, mahindi na bidoni zilizojaa maji ziwe sakafuni. Makala, magodoro na nguo zipande juu. Mzigo mrefu unaolemea juu unapinduka kwenye kona hata kwa mwendo mdogo. Na tufunge kwa kamba ngumu. Zile kamba za mpira tunazokata kwenye tyubu za zamani zinavutika. Zinafaa kwa godoro, hazifai kushika gunia la kilo mia.

Tuangalie pia kiungo chenyewe. Nimeona remoki zilizofungwa kwa kipande cha chuma cha ujenzi kilichokunjwa kwa nyundo. Chuma hicho kikikatika mlimani, remoki inarudi nyuma na watu wake. Pini iwe nene, iwe na kizuizi chake, na chini yake zipite minyororo miwili iliyopishana, ili mkono ukichomoka udakwe kabla haujagusa chini. Tairi zote mbili ziwe na upepo sawa, kwa kuwa tairi laini upande mmoja inavuta remoki upande wake.

Kwa ninyi madereva: remoki zetu nyingi hazina breki zake zenyewe. Kazi yote inabaki kwa gari. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kusimamisha inakuwa mara nne. Kwa hiyo ingia gia ndogo kabla ya mteremko, usisubiri ukiwa katikati. Na ile tabia ya kutoa gia ili kuokoa mafuta, tuiache kabisa. Lita moja ya mafuta haiwezi kununua mkono wa mtoto. Remoki ikianza kucheza, usikanyage breki ghafla na usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani uwe sawa, mwache mwendo upungue. Kisha simama, upange mzigo tena. Usiseme "imeshatulia, twende".

Vijana wa pikipiki za tairi tatu, sheria ni ileile. Mzigo ukienda nyuma sana, tairi ya mbele inakuwa nyepesi, unakata kona na pikipiki inaendelea moja kwa moja.

Najua nitajibiwa nini. Kwanza: "Tatizo ni barabara." Ni kweli. Barabara ya kitaifa nambari 5 kila mtu anaijua, hasa wakati wa mvua, matope na mashimo vinapomeza gari. Tunaidai Serikali na tuendelee kuidai. Lakini barabara mbaya ndiyo sababu ya kupakia vizuri zaidi. Haiwezi kuwa kisingizio cha kupakia ovyo.

Pili: "Wakimbizi hawana pesa za safari mbili." Hili ni zito zaidi, na silipuuzi. Mama aliyekimbia risasi na franka chache hachagui; anapanda pale palipo na nafasi. Ndiyo maana siwezi kumlaumu yeye. Lakini kupanga magunia sita mbele na manne nyuma hakuongezi hata franka moja. Kuwashusha watu watembee kwenye mteremko mkali, kisha kupanda tena chini, kunachukua dakika chache. Familia mbili zinaweza kuchangia, watu wakatangulia na gari na mzigo ukafuata.

Kwa hiyo nasema wazi wajibu uko wapi. Anayepakia na anayelipwa ndiye mwenye wajibu wa kwanza. Vyama vya madereva na vya pikipiki vifanye siku moja ya mafunzo, pale pale kwenye parking, kwa remoki halisi. Mashirika yanayokodi magari kupeleka misaada yaweke kwenye mkataba kwamba mtu hakai juu ya mzigo. Na kwenye barieri zetu, ambako tunaulizwa karatasi na franka, sijawahi kusikia mtu akiulizwa: mzigo mzito umekaa wapi? Swali hilo moja lingeokoa watu.

Na wewe mama, wewe baba unayesafiri, una haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Vizito viko mbele na chini? Kuna minyororo chini ya kiungo? Watoto watakaa wapi? Dereva akikasirika, mwambie umesikia kwetu. Akikubali kupanga upya, mshukuru, na umsaidie kubeba.

Yule mtoto mkono wake umefungwa, unapona. Mama yake aliniambia walikuwa wamevuka mengi njiani bila jeraha hata moja, mpaka siku ile. Watu waliookoka vita wasije wakamalizwa na gunia la muhogo lililowekwa mahali pasipo pake.