Kumkemea Dereva Si Kuchoma Gari

Vijana wenzangu, nimechoka. Nimechoka na mashairi yetu ambamo neno "serikali" linabebeshwa mizigo ya maneno matano. Ubeti wa kwanza serikali ni mwizi, wa pili ni mama, wa tatu ni rungu la polisi, wa nne ni nchi yetu tukufu, wa tano inaombwa ajira. Tukimaliza tunapigiwa makofi, tunakwenda kunywa chai, na hakuna aliyesema kitu.

Na mimi nimo. Siku moja nilisoma shairi langu mbele za watu. Lilimsema mheshimiwa mmoja wa kubuni anayejenga ghorofa kwa fedha za madawati. Mzee mmoja akasimama, akaniambia, "Mwanangu, acha kuitukana nchi yako." Shikamoo nilikuwa nayo, jibu sikuwa nalo. Nikainamisha kichwa kama mtoto aliyesahau tebo ya saba. Mzee yule alinishinda kwa neno moja tu, na mimi neno ndilo jembe langu!

Basi tulinoe. Anayeanza kusoma siasa linganishi hufundishwa mapema kutenganisha vitu vinne: dola, mfumo wa utawala, serikali na taifa. Msiniambie hayo ni mambo ya Chuo Kikuu. Pandeni daladala mtayaona.

Dola ni gari lenyewe. Mjerumani Max Weber alieleza mwaka 1919 kwamba dola ndiyo inayodai, ndani ya mipaka yake, kuwa peke yake ina haki ya kutumia nguvu. Kwa hiyo jeshi, polisi, mahakama, gereza na mtoza kodi vyote ni vyuma vya gari hilo. Mfumo wa utawala ni utaratibu wa kumpata dereva na kumshusha, ulioandikwa na usioandikwa. Serikali ni dereva na konda wa zamu. Taifa ni abiria wanaoamini kwamba safari yao ni moja.

Sasa, kumwambia dereva apunguze mwendo ni kulichoma gari? Hilo ndilo jibu nililolikosa siku ile.

Mtasema nacheza na maneno. Haya, tulinganishe. Somalia walikuwa na kile ambacho wengi wetu Afrika tunakililia: karibu wote lugha moja, dini moja. Januari 1991 Siad Barre akakimbia Mogadishu. Haikuwa serikali tu iliyoondoka, dola nayo ikavunjika. Wasomali walibaki Wasomali, lakini rungu likawa la kila mwenye bunduki. Kumbe taifa linaweza kuwepo na dola isiwepo. Anayeandika "dola na ife" kwa sababu kamkasirikia waziri, kwanza aitazame Mogadishu ya miaka ile.

Zambia, mwaka huo huo wa 1991, Kaunda alishindwa kwa kura baada ya miaka 27, akamwachia Chiluba usukani. Dereva kabadilika, gari zima, watu wakacheza ngoma. Lakini mwaka 1996 katiba ikarekebishwa: mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Malawi. Mtu aliyeongoza kupatikana kwa uhuru wa nchi akaambiwa hafai hata kugombea. Dereva mpya alikuwa anafunga mlango alioingilia yeye mwenyewe, na kufuli alilotumia ni neno "taifa". Mnaona maneno yanavyouma?

Na nyumbani je? Katiba ya mwaka 1965 ilitupa chama kimoja, TANU Bara na ASP Visiwani. Mwaka 1975 chama kikawekwa juu ya vyombo vyote, tukafundishwa kuimba kwamba kimeshika hatamu. Balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa chama, lakini barua ya utambulisho ulikwenda kuiomba kwake. Chama, serikali, dola, vyote vilikaa kiti kimoja, tena barazani kwa jirani. Tutashangaa vipi kwamba wazee wetu wakisikia mheshimiwa anasemwa, wanasikia nchi inatukanwa? Hawakuwa wajinga. Walisoma walichowekewa mbele.

Tume ya Jaji Nyalali ilipita kukusanya maoni mwaka 1991. Takribani asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilika. Lakini tume ile ile ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Hiyo ilikuwa inatuambia jambo ambalo sisi wa mashairi hatujalisikia: kuongeza idadi ya madereva wanaogombea usukani ni jambo moja, kubadili kanuni za safari ni jingine.

Kasoro ya mfano wangu naijua. Daladala likikuchosha unashuka kituo kinachofuata. Dola haina kituo. Ndiyo sababu haki ya kupiga kelele ukiwa ndani si adabu mbaya, ni kinga ya abiria.

Kuna watu wanafaidika tukichanganya maneno haya. Mla rushwa akiguswa anajifunika bendera. Anataka ugomvi wako naye uonekane ni ugomvi wako na taifa zima. Nasi tunampa shuka la kujifunikia kila tunapoandika "serikali" bila kujua tunamsema nani.

Wengine kijiweni hutania kwamba serikali maana yake ni siri kali. Sawa, tucheke. Lakini tukikaa kuandika, tuulize: huyu ninayemsema ni dereva, ni gari, ni kanuni, au ni abiria wenzangu? Asiyeweza kujibu aweke kalamu chini kwanza.

Mzee wangu, popote ulipo, jibu lako hili hapa. Nchi sikuitukana. Nilikuwa nagonga bodi ili dereva asikie.