Kelele zina kipimo, tuache kupimana kwa masikio

Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Bila shaka walikuwa wanazungumzia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mlango wa jirani, tena ukiwa ni magari ishirini yanayozunguka kutwa nzima nyuma ya ua wako, hawakuugusa.

Suala hili limetufika kwa njia ya kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayefanya kazi za usiku kwenye ghala hapa Uingereza. Kijana ana Subaru Impreza ya zamani ambayo ameitengeneza kwa jasho lake, na mshahara wa ghala karibu wote umeishia humo. Alilipia siku ya uwanjani, yaani ile siku ambayo wenye uwanja wa mbio za magari huwafungulia watu wa kawaida waingie na magari yao waendeshe kwa kasi, bila mashindano wala vikombe. Akatuomba tumsindikize. Saa mbili asubuhi tukawa kwenye foleni ya kupimwa kelele. Kikomo cha siku ile kilikuwa desibeli 105. Gari lake likasoma 107. Akaambiwa kwa upole aegeshe pembeni. Akiweza kulirekebisha arudi apimwe tena, akishindwa basi siku yake imekwisha na fedha hairudi.

"Mjomba, hawa wananibagua tu," alituambia. "Desibeli mbili ni kitu gani?"

Ni maneno hayo yaliyotufanya tushike kalamu. Tulimwonea huruma, maana tunajua pesa ile ameipata vipi, lakini hatukukubaliana naye hata kidogo.

Tuanze na huo ubaguzi. Sisi si wageni wa ubaguzi katika nchi hii na wala hatuna sababu ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini asubuhi ile ile, magari matatu mbele yetu, bwana mmoja mwenyeji mwenye gari ambalo bei yake ingejenga nyumba ya ghorofa kule kwetu alipimwa, akasoma 109, naye akaegeshwa pembeni. Alifoka, akataja jina la gari lake, akataja na bei. Kipimo kikabaki pale pale.

Sasa hizo desibeli mbili. Hesabu ya desibeli haifanani na ya kilo za sukari. Ukiongeza desibeli 3 umeshaongeza nguvu ya sauti mara mbili. Ukiongeza 10, umeiongeza mara kumi, ingawa sikio la binadamu husikia kama mara mbili tu. Desibeli mbili za kijana wetu, kwa hiyo, ni karibu asilimia 60 ya nguvu juu ya kikomo. Tazama pia kwa macho ya mwanakijiji anayeishi karibu na uwanja: magari 20 yenye desibeli 108 kila moja yanamrushia nguvu ya sauti sawa na magari 40 yenye 105. Huyo hasikii gari la kijana wetu peke yake. Anasikia jumla.

Namna ya kupima nayo si ya kubahatisha. Kwa kawaida maikrofoni huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, yaani bomba la moshi, kwa pembe ya digrii 45, kimo kimoja na bomba, kisha injini hupandishwa hadi robo tatu ya mizunguko yake ya juu. Injini inayofika mizunguko 7,000 kwa dakika inapimwa kwenye 5,250. Nusu mita hiyo ni muhimu sana. Kisogeze kipimo hadi mita moja na utapata takriban desibeli 6 pungufu, gari likapita kwa udanganyifu mtupu. Ndiyo maana ukiona mpimaji hana kijiti wala uzi wa kupimia umbali, una haki ya kuuliza, tena kwa sauti.

Kipimo hicho cha gari lililosimama kina kasoro yake, tusifiche. Gari lililosimama halibebi mzigo, matairi hayalii, na mlio wa hewa inayovutwa na injini hausikiki vilivyo. Kwa hiyo viwanja vingi huweka maikrofoni nyingine kando ya njia, na gari lililofaulu asubuhi linaweza kupeperushiwa bendera saa sita mchana. Madereva huliona hilo ni uonevu. Kwetu sisi hicho cha pili ndicho kipimo cha kweli, kwa sababu ndicho kinachofanana zaidi na kile anachokisikia jirani.

Na jirani huyu ana meno. Uwanja wa Croft, kaskazini mwa Uingereza karibu na Darlington, zamani ulikuwa uwanja wa ndege za kivita. Majirani wake walikwenda mahakamani kwa ajili ya kelele, wakashinda na kulipwa fidia, na Januari 2009 Mahakama ya Rufaa ikaongeza amri kwamba siku za kelele kubwa zisizidi 40 kwa mwaka. Arobaini! Kuanzia hapo siku ya kelele ikawa ni mali adimu, na kila gari linalovuma kupita kiasi linawapunguzia wenzake nafasi.

Madereva wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote: uwanja ulikuwapo, jirani kaukuta, kama hapendi ahame. Tunakiri kwamba hata sisi tulipoisikia mara ya kwanza ilituingia akilini. Lakini Februari 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikataa hoja hiyo katika kesi ya uwanja wa mbio wa Mildenhall, Suffolk, ambao wenye nyumba ya jirani walikuwa wameinunua mwaka 2006 wakati mbio zilishakuwapo kwa miaka mingi. Kukuta kero hakukuondolei haki ya kuilalamikia. Mahakama hiyo hiyo iliwaambia majaji wawe wepesi zaidi kufikiria fidia badala ya kufunga shughuli, kwa hiyo si kwamba wapenda magari walitupwa jaani. Ila mlango wa "alijua alipokuja" umefungwa.

Basi afanyeje kijana? Kosa lake lilikuwa la kawaida kabisa: aling'oa sailensa ya nyuma akaweka bomba nyoofu, kwa kuwa linavuma vizuri na video zake zinapata sifa. Pale uwanjani msamaria mmoja alimpa kizibo cha kubana mdomo wa bomba, kikakataa kuingia, na siku ikapotea. Hata kingeingia, kizibo ni dawa ya dharura. Kinaminya moshi, kinapandisha joto, na injini hupoteza nguvu. Wapo pia wanaokunja ncha ya bomba ili sauti ielekee upande usio na maikrofoni, na wanaoachia mafuta kila wanapolipita eneo la kipimo. Kuachia mafuta ni sawa, kelele zimepungua kweli. Kugeuza bomba tu ni kuihamisha kelele kwa jirani wa upande wa pili.

Dawa yenyewe aliipata kwa fundi wetu mmoja mtu wa Mombasa, mwenye karakana ndogo na maneno mengi. Alirudisha sailensa ya nyuma na kuongeza nyingine katikati ya gari. Ya nyuma aliifungua kwanza, akatukuta sote tumeinama tunachungulia: ile sufi ya kioo inayomeza sauti ndani yake ilikuwa imeungua na kupeperuka na moshi, limebaki bati tupu. Watu wengi hawajui kwamba sailensa za aina hii huchoka, na gari lililofaulu mwaka juzi linaweza kuanguka mwaka huu bila kuguswa. Akajaza sufi mpya. Kisha akapima kwa kipima sauti cha kuazima, maana simu za mkononi hulemewa na sauti kubwa namna hiyo. Ikasoma 102. Kijana anasema hajaona tofauti ya mwendo, ingawa anaukosa mlio.

Ndugu msomaji wa nyumbani utauliza, haya ya starehe za Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ya kipimo. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na Tanzania ilitunga zake mwaka 2015, na humo mna desibeli zilizoandikwa. Lakini mtu wa bodaboda aliyekata bomba lake, au kijana wa Nairobi mwenye Subaru kama hii, akisimamishwa barabarani hupimwa kwa sikio la askari, na sikio la askari lina bei. Wala Uingereza si pepo. Kwenye barabara zake polisi nao kwa miaka mingi wametegemea masikio, na mwaka 2022 serikali ilijaribu kamera za kelele katika maeneo kama Bradford na Bristol. Uwanja wa mbio, mahali pa kelele, umewatangulia wote kwa haki.

Tunalisema hili kwa uchungu wetu pia. Sisi tunaoandika hapa tuko ugenini kwa sababu kuna wakubwa walisema tunapiga kelele. Hatukuambiwa kikomo ni kipi, hatukuonyeshwa kipimo, na hakuna aliyetuambia turekebishe turudi kesho. Kwa hiyo tunapomwona mtu anaoneshwa namba kwenye kioo, mbele ya wenzake, namba ile ile aliyoisoma kwenye karatasi wiki tatu kabla, tunashindwa kumsaidia kulalamika.

Tunachowadai wenye viwanja ni kuzitangaza namba zote mbili, ya gari lililosimama na ya kando ya njia, kabla mtu hajatoa pesa yake. Wapo wanaoitangaza moja na kuifanya ya pili kuwa mshangao wa mchana, na huo nao ni upimaji wa sikio uliovaa koti. Na vijana wetu wapime kabla ya kulipa, si baada.

Kijana amejiandikisha tena mwezi ujao na ameomba tumsindikize. Tumekubali, ila safari hii tunakwenda na vizibo vya masikio, maana sheria za kazi za hapa zinamtaka mwajiri awalinde watu wake kuanzia desibeli 85, nasi siku ile tulisimama pale kutwa nzima masikio wazi.