Feni Nyingi Bila Njia ya Upepo ni Kelele Tupu

Kumezuka siku hizi tabia ya watu kuamini kwamba kompyuta ya mezani ikipata joto, dawa yake ni kuongezewa feni. Fundi akiulizwa, hutaja feni. Muuzaji naye huzitoa zenye taa za rangi rangi, na mnunuzi huondoka akijiona ameerevuka. Mimi siafikiani nao hata kidogo.

Kompyuta si pambo. Yuko mama anayewapigia watu chapa barua na kuwajazia fomu za serikali, na yuko kijana aliyefungua chumba cha intaneti kwa mkopo. Mashine hiyo ndiyo jembe lao. Prosesa ikizidiwa na joto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Joto likizidi, mashine hujizima na kazi isiyohifadhiwa ikapotea. Mteja naye hangoji, huenda kwa jirani.

Ukweli ni kwamba upepo wahitaji mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Jambo hili si geni kwetu. Wazee waliojenga nyumba za mawe kule Lamu waliacha uwanja wazi ndani ya nyumba ili hewa na mwangaza vipate njia, na wala hawakuwa na feni hata moja. Kasha la kompyuta nalo ni nyumba.

Basi feni za mbele na zivute hewa ya nje, na ile ya nyuma, iliyo karibu na prosesa, itoe hewa ya moto. Penye nafasi juu ya kasha, feni ya hapo pia itoe. Kwa mashine ya ofisi, moja mbele na moja nyuma zatosha. Yenye kadi kubwa ya michoro iongezewe ya pili mbele. Nimepata kuona kasha ambalo feni ya nyuma ilifungwa kinyume, ikishindana na ile ya prosesa. Kumbe kujua si kazi: hewa hutokea upande wenye vijiti vinavyoshikilia mota.

Ukubwa nao una maana. Feni ya milimita 120 au 140 husogeza hewa nyingi ikizunguka polepole, ilhali ya milimita 80 hulazimika kukimbia na kupiga kelele ili ifanye kazi ile ile.

Tusisahau vumbi letu. Feni za kuingiza zikizidi nguvu zile za kutoa, hewa husukumwa nje kupitia nyufa, na vumbi hukosa pa kupenyea isipokuwa kwenye chujio la mbele. Lakini chujio lisilosafishwa ni sawa na dirisha lililozibwa kwa matofali.

Na hapa ndipo ninapogombana na adabu zetu za sebuleni. Tunaifunika mashine kwa kitambaa cha kufuma, tunaisukuma mpaka ukutani, ama tunaifungia kabatini, kisha tunalalamika kwamba feni ni mbovu. Feni haiwezi kushusha joto la ndani ya kasha chini ya lile la chumba. Mombasa wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 32, hewa inayovutwa ni ya nyuzi 32 hizo hizo. Kufungua dirisha na kuondoa kitambaa hakugharimu hata senti moja.

Najua wako watakaosema kwamba feni ni bei nafuu, kwa hivyo ziongezwe tu. Kwa mwenye kuhesabu shilingi, hakuna nafuu katika kitu kisichomsaidia. Ombi langu kwa mafundi ni hili: kabla ya kumuuzia mtu feni nyingine, mwonyesheni kwanza upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Mkishindwa kumwonyesha, msichukue pesa zake.